Bahati ya Nini? Jina Tunalowapa Watoto Wetu

Katika ukurasa huu wa familia mwezi huu tumechagua jina moja tu, nalo ni Bahati. Tungeweza kuchagua Furaha, Riziki, Zawadi au Amani, maana hayo nayo yamejaa kambini. Lakini simama siku ya mgao, uite kwa sauti "Bahati!", uone watakaogeuka: mzee mwenye fimbo, kijana wa sekondari, mama aliyebeba mtoto mgongoni, na pengine hata huyo mtoto wa mgongoni. Wakongomani wanalo, Warundi wanalo, na wenyeji wetu Watanzania wanalo pia. Halichagui dini wala jinsia. Ni jina la kila mtu, na labda ndiyo sababu hatukai chini kuliuliza maana yake.

Ukiuliza haraka, jibu ni jepesi: bahati ni bahati, kupata kitu kizuri ambacho hukukitolea jasho. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Tumezunguka tukiuliza wazazi swali moja dogo, "bahati ya nini?", na wengi walinyamaza kwanza kabla ya kujibu. Huo unyamavu ndio uliotufanya tuandike.

Tuanze na neno lenyewe. Limesafiri sana, kutushinda hata sisi. Asili yake ni Kiajemi, neno bakht, yaani fungu la mtu, kile alichopangiwa. Waarabu wakalichukua kwa Waajemi, Waswahili wa pwani wakalichukua kwa Waarabu. Kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti zigongane mwishoni, wakaliongezea irabu, likawa bahati. Kutoka pwani likapanda bara pamoja na misafara ya biashara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha likavuka ziwa kwenda Maniema, kule Kasongo na Nyangwe. Kwa hiyo wengi wetu tuliotoka Kivu na Maniema tumerudi mashariki na jina ambalo mababu zetu walilipokea likitoka huku huku mashariki.

Safari hiyo ya misafara haikuwa ya pilipili na vitambaa tu. Ilikuwa pia ya watu waliofungwa minyororo. Mtu aliyenyakuliwa kijijini kwake alipewa jina jipya na aliyemnunua, na mara nyingi lilikuwa jina zuri kabisa: Baraka, Mabruki, Feruzi, Bahati. Bwana alijitakia heri yeye mwenyewe. Alipomwita mtumwa wake Baraka alikuwa anaita baraka ya nyumba yake, si ya yule aliyeibwa. Watu wa Ujiji wa zamani waliwaona wageni wa Kizungu Burton na Speke walipofika pale Februari 1858, na katika msafara ule walikuwamo Mabruki na Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni na kupelekwa India kuuzwa. Mabruki na Mubarak, yote mawili maana yake ni aliyebarikiwa.

Hatusemi haya ili mama yeyote aanze kulionea haya jina la mwanawe. La hasha. Tunasema ili tuonyeshe kwamba jina ni mali ya anayelibeba, akishalibeba vizuri. Na katika hilo hakuna mfano mkubwa kuliko ule wa mwanamke mmoja wa Sudani, ambaye Wakatoliki wanamjua vizuri, lakini habari yake inawahusu Waislamu, Wapentekoste na wasiosali kabisa.

Alizaliwa Darfur, karibu mwaka 1869. Akiwa msichana mdogo watu wawili walimkuta shambani wakamteka. Hofu ilikuwa kubwa mpaka jina alilopewa na wazazi wake likafutika kichwani. Hakulikumbuka tena maisha yake yote. Waliomteka wakamwita Bakhita, mwenye bahati. Ni mzizi ule ule wa bakht, ni Bahati wetu huyo huyo kwa matamshi ya Kiarabu. Fikirini dhihaka hiyo: mtoto ametolewa kwa mama yake, anatembezwa jangwani miguu mitupu, na anaitwa mwenye bahati. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, akachanjwa mwili mzima na kupakwa chumvi kwenye vidonda. Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na balozi mdogo wa Italia, na mwaka 1885 akapelekwa Italia. Kule, bibi wa nyumba aliyokuwa akitumikia alipotaka kumrudisha Sudani, yeye alikataa. Kesi ikafika mbele ya wakuu wa Venice, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru, kwa sababu utumwa haukutambuliwa na sheria ya Italia. Mwaka uliofuata akabatizwa Josephine, na baadaye akawa sista wa Wakanosa katika mji wa Schio. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu.

Jambo linalotugusa ni hili. Alikuwa na nafasi ya kulitupa lile jina la wanyang'anyi, maana alipewa jipya ubatizoni. Hakulitupa. Aliendelea kuitwa Bakhita, na leo ulimwengu mzima unamjua kwa hilo. Walilomwitia kwa kumdhihaki likawa kweli, na halikuwa kweli kwa sababu yao.

Sasa turudi kambini.

Wazazi tuliozungumza nao wanatoa jina Bahati kwa sababu mbalimbali, lakini ukizichunguza zinafanana. Wapo wanaolitoa kwa mtoto aliyezaliwa kwa shida, mama akiwa hoi na mkunga ameshakata tamaa. Wapo wanaolitoa kwa mtoto aliyekuja baada ya miaka mingi ya kungoja. Wapo waliojifungua njiani, msituni au ndani ya mtumbwi. Mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Fizi alitujibu kwa maneno machache sana: "Batatu ba mbele balikufa. Ule njo alibakia." Kisha akaendelea kuchambua maharage yake. Hatukuuliza zaidi.

Waliovuka mwaka 1996, vita ilipoanza upande wa Uvira na Fizi, wana akina Bahati wao, na hao sasa ni watu wazima wenye watoto. Waliokuja kutoka Burundi mwaka 2015 wana wa kwao. Wanaokumbuka Kagunga, ule ufukwe mdogo ambapo maelfu walibanana kati ya mlima na maji na kipindupindu kikaingia, hadi meli ya Liemba ilipowachukua kwa zamu kuwaleta Kigoma, hao hawahitaji kueleza sana kwa nini mtoto aliyetoka pale akiwa mzima aliitwa hivyo.

Mnaona basi jinsi jina hili linavyofanya kazi. Furaha ni furaha, haihitaji kulinganishwa na kitu. Bahati linalinganisha. Linasema kulikuwa na jambo baya karibu sana, likampita huyu. Na likimpita huyu, pengine lilimpata mwingine. Ndiyo maana wazazi wananyamaza ukiwauliza. Kumweleza mtoto bahati yake ni nini inabidi umweleze pia waliokosa hiyo bahati: kaka aliyetangulia, pacha wake, shangazi aliyebaki ng'ambo. Jina limetamkwa mara elfu nyumbani, "Bahati lete maji, Bahati funga mlango", na habari iliyo ndani yake haijasemwa hata siku moja.

Wazee wetu walikuwa na majina mengine ya namna hii, tena makali zaidi. Tabu, Shida, Mashaka upande wa Tanzania. Mateso na Machozi kwetu Kivu. Hayo yanataja lile jambo baya moja kwa moja. Kuna watu wanaoyachukia wakisema unamfungia mtoto balaa shingoni. Sisi hatuyachukii, lakini tunakiri kwamba kumwita binti Machozi asubuhi ya harusi yake kunataka moyo. Bahati linataja tukio lile lile kutoka upande wa pili, upande wa aliyetoka akiwa mzima. Katika familia moja unaweza kumkuta Mateso ndiye wa kwanza na Bahati ndiye anayemfuata, na ukishaona mpangilio huo umeshajua nusu ya historia ya nyumba.

Na jina hili lina ndugu wengi kuliko tunavyodhani. Kwa Kirundi na Kinyarwanda yupo Mahirwe, neno lenyewe kabisa la bahati. Walioitwa kwa Kifaransa wapo akina Chance. Akina Bonaventure, Faustin na Fortunata, ambao majina yao yametoka Kilatini, wote ni akina Bahati bila kujua. Saidi, Sudi na Masudi wa Kiarabu vilevile, maana mzizi wao ni heri na nyota njema. Kwa hiyo ukimkuta baba Saidi amezaa mwana akamwita Bonaventure, na huyo akazaa Bahati, jua kwamba ukoo ule umekuwa ukisema neno moja tangu zamani.

Wengine wanatuuliza: je, mtu anayemwamini Mungu anaweza kumwita mtoto Bahati? Si tungesema Baraka, au Mugisha, au Neema, tukamtaja mtoaji? Swali hili ni zito kwa watu na tumesikia watoto waliobadilishwa jina siku ya ubatizo kwa ajili yake. Hatutaki kuwafundisha wachungaji wala masheikh kazi yao. Tunakumbusha tu kwamba katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Lea alimpa mtoto wa mjakazi wake jina Gadi, ambalo maana yake ni bahati, na Gadi akawa baba wa kabila zima la Israeli. Na katika Matendo, sura ya 20, yumo kijana Eutiko, jina la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo. Huyo ndiye aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa, na akarudishwa akiwa hai. Nani atasema hakuitwa vizuri? (Wanaosinzia mahubiri marefu wasimtumie Eutiko kama kisingizio.) Kwa Waislamu nako, Saidi lilikuwepo miongoni mwa masahaba, na hakuna anayelitilia shaka. Kwa maoni yetu, mzazi anayesema "bahati" kwa kawaida hamaanishi kwamba mambo yalijiendea yenyewe. Anamaanisha kwamba hakuyaweza yeye.

Neno moja kuhusu lugha, maana watoto shuleni wanachanganywa. Bahati kama kitu ni bahati yangu, bahati imekuja, bahati mbaya. Bahati kama mtu ni Bahati wangu, Bahati amekuja. Mwalimu akiandika ubaoni "Bahati imelala", anasema mambo yamedorora. Akiandika "Bahati amelala", basi kuna mwanafunzi wa kuamshwa. Tofauti ni silabi moja tu lakini ndiyo inayomtenga mtu na kitu. Sisi wa Kongo kwa mazungumzo yetu ya nyumbani hatuchungi sana ngeli, tunasema "Bahati njo jina yake" na maisha yanaendelea, lakini kwenye mtihani mtoto atakatwa maksi.

Na kuna utani. Kila Bahati ameshaitwa Bahati Mbaya na wenzake, au Bahati Nasibu. Utani mdogo hauui mtu. Lakini upo mwingine ambao hapa kambini si mdogo. Hapa neno bahati limechukua maana ya pekee. Familia ikiitwa kwenda nchi ya tatu watu husema "wamepata bahati". Majirani wanasindikiza basi, wanalia na kucheka, wanarudi kugawana masufuria yaliyoachwa. Wanaobaki husemwa kwamba bado bahati haijawafikia. Kisha katika nyumba iliyobaki kuna mtoto wa miaka tisa anaitwa Bahati. Mama mmoja alituambia binti yake alimuuliza usiku: "Mama, kama mimi ni Bahati, kwa nini sisi hatuitwi?" Mama hakuwa na jibu. Alimwambia lala.

Ndugu wazazi, swali kama hilo litakuja katika nyumba nyingi, na mtoto akinyimwa jibu atajitengenezea lake. Atajiona amedanganywa na jina lake, au mbaya zaidi, atadhani yeye ndiye anayeizuia familia. Jibu analo mama huyo, ni lile ambalo hajalisema. Jina halikutolewa kwa ajili ya basi lolote. Lilitolewa kwa ajili ya usiku fulani, mtumbwi fulani, homa fulani, ambapo mtoto huyu angekwenda na hakwenda. Hiyo bahati ilishatokea, haingojwi. Hakuna ofisi inayoweza kuileta wala kuiondoa. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na tunaona methali hiyo inawafaa zaidi watu wazima kuliko watoto.

Tunaelewa kwamba habari nyingine ni ngumu. Si lazima kumwambia mtoto wa miaka sita mambo yote uliyoyaona. Mtoto mdogo anatosheka na "ulizaliwa mu njia, mvua ilikuwa inanyesha, mama mmoja ambaye hatukumjua akatupa kitenge chake tukakufunika". Hayo ni kweli na yanambeba. Akifika miaka kumi na miwili ataanza kuuliza kitenge kilitoka wapi na kwa nini mlikuwa njiani, na hapo unaongeza. Majina ya waliofariki nayo ayajue kwa wakati wake, kutoka mdomoni mwako, asije akayasikia kwenye bomba la maji kutoka kwa jirani mwenye ulimi mrefu. Na baba asiseme hiyo ni kazi ya mama. Mara nyingi baba ndiye aliyechagua jina.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, wa karatasi, na tunaomba msituchoke.

Kwetu Kongo na Burundi ndugu wa tumbo moja kwa kawaida hawana jina moja la ukoo. Baba anaitwa Mateso, watoto wake ni Bahati, Machozi na Furaha, kila mmoja na jina lake la pili la pekee, labda la babu, la bibi au la jirani aliyewatendea mema. Kwa Wakongomani hili lina historia pia. Mwaka 1972 Mobutu alipowakataza Wazairwa majina ya ubatizo ya Kizungu, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré, watu walibaki na jina na jina la nyuma. Baadaye, utawala wa chama kimoja ulipoanguka mwaka 1990, majina ya ubatizo yakarudi hadharani na watu wakawa na matatu. Chukueni mfano wa mwanasiasa wa Kivu Kusini, Modeste Bahati Lukwebo, aliyekuwa rais wa Seneti ya Kongo kuanzia 2021 hadi 2024. Modeste ni la ubatizo, Bahati ndilo jina, Lukwebo ndilo la nyuma. Kwa Mtanzania hesabu ni nyingine: jina lako, la baba, la babu au la ukoo. Na fomu za nchi za mbali zinataka jina la familia ambalo wote nyumbani wanalo.

Matokeo yake mnayajua. Mwenye kujaza fomu anaona watoto watatu wenye majina matatu tofauti, anauliza kama kweli ni ndugu. Bahati inasogezwa mwanzo kwenye karatasi moja, katikati kwenye nyingine, mwisho kwenye ya tatu, na mtu mmoja anakuwa watu watatu. Wenye mazoea ya Kifaransa wanaimeza h, inaandikwa Baati. Mwingine anapenda mapambo, anaandika Bahaty. Halafu kuna la jinsia. Kwa kuwa jina ni la wote, Bahati wa kike anaweza kuandikwa mwanaume bila anayeandika kuinua macho. Tanzania ina mwimbaji wa injili Bahati Bukuku, mwanamke. Kenya ina mwimbaji Kevin Kioko anayejulikana zaidi kama Bahati, mwanaume. Jina halimsaidii karani kujua, lazima aulize au umwambie.

Kwa hiyo jambo la kufanya ni dogo lakini lisiahirishwe. Toeni karatasi zote za familia siku moja mchana, mziweke juu ya mkeka: kadi ya mgao, karatasi ya usajili, kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti za shule, na tangazo la kizazi kama mtoto alizaliwa hapa. Someni jina la kila mtu kwa sauti, herufi kwa herufi, katika kila karatasi. Kama baba hajui kusoma, mtoto wa darasa la tano anajua, na atafurahi kufanya kazi ya kiofisi. Jina, mpangilio, jinsia, tarehe. Ikionekana tofauti, nendeni kwenye dawati la usajili mueleze sasa, wakati hakuna haraka. Kosa linaloonekana wiki ya mahojiano huonekana kama uongo, hata kama ni herufi moja. Na mkichagua namna moja ya kuandika, shuleni, zahanati na kanisani au msikitini iwe hiyo hiyo.

Kwa watoto wanaozaliwa sasa msiondoke hospitali bila lile tangazo la kizazi, maana ndilo linaloanzisha cheti. Wengine wanasema cheti cha nini, hakitupi uraia. Ni kweli, cheti cha kuzaliwa peke yake si uraia. Lakini ni ushahidi kwamba mtoto huyu alizaliwa, siku hii, mahali hapa, kwa baba na mama hawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unataka kila mtoto aandikishwe mara anapozaliwa na awe na jina. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unasema hivyo pia katika kifungu cha 6. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa mkimbizi". Yule msichana wa Darfur alipoteza jina lake kwa sababu halikuwa limeandikwa popote ila kichwani mwake, na kichwa cha mtoto mwenye hofu hakitunzi.

Tunataka kukusanya habari hizi. Kama nyumbani kwenu kuna Bahati, kijana au mzee, mwambieni aandike kwenye nusu ukurasa kwa nini aliitwa hivyo, kwa Kiswahili chochote anachokiweza, cha shule au cha nyumbani. Asiyejua sababu aende akaulize kwanza. Jina la pili na mtaa si lazima kuviweka. Karatasi zipokelewe na walimu wa madarasa au mwakilishi wa mtaa kabla ya tarehe 20, nasi tutazichapisha kadiri nafasi itakavyoruhusu. Mwezi ujao ni zamu ya akina Sikujua, na tayari bibi mmoja ametuonya kwamba kisa chake ni kirefu.